Nguvu za Ngarambe Zataka Mwalimu

Barabara kuu ya lami iendayo Kilwa huuvuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, ikapita Nyamwage na kuendelea kusini. Na msafiri aendaye Ngarambe hana budi kuiacha na kuelekea magharibi, kwa njia ambazo wakati wa kiangazi ni mchanga wa kuzamisha gurudumu na wakati wa masika ni tope zito linalong'ang'ania kila kinachopita. Katika nchi hiyo iliyo baina ya mto na vilima vya Umatumbi, jirani na pori la Selous, baiskeli imebeba mazao, wagonjwa, wanafunzi na madumu ya maji kabla pikipiki hazijaja na hata baada ya kuja kwake, maana pikipiki hudai mafuta na baiskeli haidai ila mtu.

Mtazame kijana aliyepakia ufuta. Gunia hulazwa juu ya keria, likafungwa kwa mipira iliyokatwa katika tyubu kuukuu, ikavutwa kwa nguvu zote za mikono hata mzigo na fremu vikawa kitu kimoja. Kisha, afikapo penye mchanga, hushuka, akaweka mkono mmoja kwenye usukani na wa pili nyuma ya tandiko, akainama hata kifua kikakaribia gunia, akasukuma kwa hatua fupi fupi pasipo kusimama, kwa kuwa anajua kwamba gurudumu likisimama mchangani, kuliondoa tena ni taabu maradufu. Gia hana. Nasema, wala siongezi chumvi, kwamba kijana huyu amekwisha kuimiliki nusu iliyo ngumu ya mchezo wa baiskeli za milimani, na kwamba nusu iliyobaki hawezi kuipata peke yake, bali ni wajibu wetu kumpatia.

Wako wanaodhani kuwa mchezo huo ni anasa ya wageni, walioletewa milima na fedha pamoja. Dhana hiyo haina asili. Mchezo wenyewe ulikua katika miaka ya 1970, katika vilima vya Marin huko California, kwa vijana walioteremka njia za vumbi juu ya baiskeli nzito za kizamani, nyingi zikiwa na gia moja tu. Na haukupita muda mrefu ukaingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Walianza na chombo ambacho mtu wa Rufiji angekitambua mara moja.

Walakini kazi si mazoezi, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mbeba mizigo huenda kwa amri ya mzigo na ya soko: leo gunia moja, kesho mawili, keshokutwa hapana kitu, na juma linalofuata safari tatu mfululizo kwa kuwa mnunuzi amefika. Mwili hauijui bei ya ufuta. Msuli haupati nguvu wakati wa kunyanyua, bali baada yake, katika usingizi na chakula, nyuzi zake zilizochokozwa zinapotengenezwa upya zikawa imara kuliko zilivyokuwa. Na asiyepewa wasaa wa kutengenezeka huchakaa, akawa mtu wa miaka 30 mwenye mgongo wa miaka 60. Aidha, mbeba mizigo huzungusha pedali polepole kwa nguvu nyingi, ilhali mashindano hutaka pia mzunguko mwepesi wa mara 80 au 90 kwa dakika, ambao huutwisha moyo na mapafu sehemu ya kazi iliyokuwa ikiiangukia miguu. Huyo kijana hajafundishwa kufanya hivyo, na baiskeli yake yenyewe haimruhusu.

Ustahimilivu hujengwa kwa mwendo mrefu wa taratibu, ule ambao mwendeshaji aweza kuzungumza na mwenzake bila kukatika pumzi. Mwendo huo huongeza vishipa vidogo vya damu ndani ya misuli, huzidisha zile chembe ziitwazo mitokondria, ambamo chakula na oksijeni hugeuzwa kuwa nguvu, na huuwezesha moyo kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Sehemu kubwa ya juma na iwe ya mwendo huo. Kisha siku moja, au mbili kwa aliyezoea, apande kilima kwa nguvu kwa dakika 4, ateremke akipumzika, apande tena, hata mara nne. Wengi hukosea kwa kufanya kila siku kuwa ya nguvu kiasi, wakakosa faida ya pole na faida ya kasi.

Ama nguvu, haihitaji jumba la mazoezi. Gunia la mchanga begani na kuchuchumaa na kuinuka. Gunia lile lile kunyanyuliwa kutoka chini mgongo ukiwa umenyooka. Kupanda benchi kwa mguu mmoja mmoja. Ndoo mbili za maji mikononi na kutembea nazo, ili vidole vipate kuushika usukani kwenye mashimo bila kufa ganzi. Na kulalia viwiko na ncha za miguu, mwili ukiwa umenyooka, ili kiuno kisiyumbe. Mara mbili kwa juma zatosha, zikipishana kwa siku mbili, na uzito uongezwe kidogo kidogo. Wataalamu hulihimiza jambo hili kwa sababu nyingine pia: baiskeli humbeba mtu akiwa amekaa, na wale wasiofanya kazi nyingine ila kuendesha huweza kupungukiwa na uimara wa mifupa. Mlo upo: wali, ugali, kunde, samaki wa mtoni, na ufuta wenyewe, ambao twauza wote kana kwamba si chakula.

Ngarambe si mahali pageni kwa jambo la kuandaa miili. Hapo ndipo alipokaa Kinjikitile Ngwale, mganga aliyewaandaa watu kuupinga utawala wa Wajerumani, na mwaka 1904 na 1905 watu walimiminika kwake kwa miguu kutoka mbali, wakapewa maji na wakafunzwa mazoezi ya kivita yaliyoitwa likinda. Wajerumani wakamnyonga huko Mohoro mwezi wa Agosti 1905. Nawataja watu hao kwa taadhima, maana walikubali kufundishwa kwa pamoja na kwa mpango kabla ya kuikabili shida.

Majirani zetu wa Rwanda wametuonyesha njia. Mwaka 2006 Tom Ritchey, mmoja wa waasisi wa baiskeli za milimani, alianzisha huko mashindano yaliyowashirikisha wabebaji wa baiskeli za mbao. Mwaka uliofuata Jonathan Boyer akaanza kuunda timu, na miongoni mwa waliopita mikononi mwake alikuwamo Gasore Hategeka, aliyekuwa akibeba viazi kwa baiskeli. Adrien Niyonshuti aliibeba bendera ya nchi yake katika Olimpiki ya London ya 2012 na akashindana katika baiskeli za milimani. Mwezi wa Septemba 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya barabarani, ya kwanza katika Afrika.

Kwa hiyo naziomba halmashauri za Rufiji na Kibiti, pamoja na Chama cha Mchezo wa Baiskeli Tanzania, zilete mwalimu mmoja na baiskeli chache zenye gia, zikabidhiwe kwa MUNGATA, muungano wa Ngarambe na Tapika unaosimamia hifadhi ya jamii, ambao askari wake wa wanyamapori huzijua njia na huwajua tembo wanapopita, hata mazoezi yasifanyike gizani wala pembeni mwa malisho yao. Wasichana wahesabiwe tangu siku ya kwanza, kwa kuwa nao huchota maji kwa baiskeli hizo hizo. Mashindano yawekwe wakati wa kipupwe, ufuta ukiwa umekwisha vunwa na njia zimekauka, yakiwa na makundi mawili: la baiskeli za gia, na la baiskeli za keria zenye mzigo uliopimwa kwenye mizani, na zawadi ya kundi la keria isipungue ya kundi la gia hata kwa shilingi moja.