Shahada ya Hisabati Isiyo na Ulimi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu huchukuliwa kuwa wasia kwa wafanyabiashara, lakini ndani yake mna neno kwa wasomi pia: hesabu na lugha ni pacha. Anayehesabu asipoweza kueleza alichokihesabu, elimu yake hubaki kuwa siri ya kichwa chake. Ni jambo la kusikitisha, basi, kwamba pacha hawa hutenganishwa kwenye lango la chuo kikuu, na kwamba wapenzi wa Kiswahili ni miongoni mwa wanaoshangilia utengano huo.

Hebu itazamwe safari ya mwanafunzi wa Migori au Homa Bay anayetaka shahada ya kwanza ya hisabati. Siku hizi hana haja ya kwenda mbali sana kutafuta chuo kikuu. Chuo cha Rongo, katika Kaunti ya Migori, kilianzishwa mwaka 2011 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi, kikapata hati yake mwaka 2016. Mwaka huohuo mjini Homa Bay kilianzishwa chuo kilichopewa jina la Tom Mboya, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Maseno, nacho kikapata hati ya kujitegemea mwaka 2022. Lango la vyuo vikuu vya Kenya lina masharti yanayojulikana: wastani wa C+ katika mtihani wa KCSE, pamoja na alama nzuri katika masomo yanayohusiana na shahada inayoombwa, hisabati ikiwa ya kwanza kwa anayeomba hisabati.

Akishaingia, mwanafunzi huyo hukabiliwa na miaka minne ya kazi. Husoma kalkulasi, aljebra, jiometri, takwimu na nadharia ya uwezekano, kisha hupanda hadi uchanganuzi wa namba halisi, ambako kila dai hudaiwa ithibati. Katika vyuo vingi hupimwa kwa majaribio ya muhula na mtihani wa mwisho. Alama 40 humvusha na alama 70 humtia katika daraja la kwanza. Juu ya hayo huongezewa kozi za pamoja ambazo kila mwanafunzi hulazimika kuzifanya, ikiwemo ile ya stadi za mawasiliano. Kozi hiyo hufunzwa kwa Kiingereza, na mawasiliano yanayokusudiwa ni ya Kiingereza. Katika orodha hiyo ndefu ya masharti, hakuna hata moja linalomtaka mwanahisabati huyo athibitishe jambo lolote, japo dogo kiasi gani, kwa Kiswahili.

Hapa ndipo penye dosari. Katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 na ambao sasa unamalizika hatua kwa hatua, Kiswahili na hisabati vilikuwa masomo ya lazima kwa kila mtahiniwa. Mwanafunzi aliyasoma yote mawili kwa miaka kumi na miwili, asubuhi hisabati na alasiri insha. Mwaka 2010 Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 7, ilikitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini siku mwanafunzi anapoanza kuwa mtaalamu, yaani siku anapoanza kuipata elimu ambayo taifa litamtegemea aieneze, lugha ya taifa huondolewa mikononi mwake. Miaka minne baadaye hutoka na shahada, lakini akiulizwa na mzazi wake sokoni Awendo amesomea nini hasa, hujiumauma.

Atakayesema kwamba hisabati haina haja ya lugha kwa sababu ni alama tupu, na atafakari maana ya ithibati. Ithibati ni hoja. Ina utangulizi, ina hatua, ina "kwa hiyo" na "hata hivyo" na "isipokuwa". Anayeshindwa kuisema kwa lugha ya wasikilizaji wake hajaimaliza kazi yake, kwani ithibati ni ya kumridhisha mtu mwingine kabla ya kumridhisha mwenyewe.

Atakayesema kwamba Kiswahili hakiwezi kuibeba hoja ya aina hiyo, na asafiri hadi Isebania, mpakani mwa Kaunti ya Migori na Tanzania. Upande wa pili ni Sirari, katika Wilaya ya Tarime. Wakuria wanaishi pande zote mbili, na lugha yao ya nyumbani ni moja. Mtoto wa Kikuria aliye upande wa Kenya hufunzwa hisabati kwa Kiingereza. Binamu yake aliye katika shule ya msingi ya serikali upande wa Tanzania hufunzwa somo hilohilo kwa Kiswahili, kama ilivyo katika shule hizo tangu sera ya 1967. Mmoja huambiwa habari za namba shufwa na namba witiri, mwenziwe hajawahi kuyasikia maneno hayo. Wakikutana jioni na madaftari yao, jibu la hesabu ni moja, lakini hawawezi kusahihishana. Mpaka uliochorwa na wakoloni umepita katikati ya ardhi, nasi Waafrika Mashariki tumeuacha upite katikati ya jedwali la kuzidisha.

Msamiati wa Tanzania si wa kubezwa. Namba inayogawanyika kwa mbili bila baki ni shufwa. Inayobakiza moja ni witiri. Maneno haya mawili yana asili ya Kiarabu, na Mwislamu yeyote wa pwani huijua witiri kwa sababu ya swala yenye rakaa zisizo jozi. Namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe huitwa namba tasa, sitiari ambayo mwanafunzi wa fasihi ataielewa papo hapo. Kuna kipeo na kipeuo, kipenyo na nusukipenyo, mlinganyo, desimali, kigawe kidogo cha shirika na kigawo kikubwa cha shirika. Haya hufunzwa watoto wasiotimiza miaka kumi na mitano.

Na je, hayo yanatosha kubeba ithibati? Ichukuliwe ile ya Euclid, ambayo kila mwanafunzi wa hisabati hukutana nayo. Dai ni kwamba namba tasa hazina mwisho. Tuseme mtu analeta orodha yenye kikomo na kudai kuwa hizo ndizo namba tasa zote. Zizidishe zote kwa pamoja, kisha uongeze moja. Namba inayopatikana, ukiigawanya kwa yoyote iliyo katika orodha, itabakiza moja. Lakini kila namba kubwa kuliko moja hugawanyika kwa namba tasa fulani. Kwa hiyo ipo namba tasa ambayo haimo katika orodha, na mwenye orodha ameshindwa. Anayetaka mfano na azidishe 2, 3, 5, 7, 11 na 13, apate 30030, aongeze moja. Namba 30031 si tasa, kwa kuwa ni 59 mara 509, lakini 59 na 509 ni tasa na hazikuwa katika orodha. Hapo hakuna neno lililoazimwa jana wala hoja iliyopwaya.

Itasemwa kwamba mwanahisabati hana budi kusoma majarida ya dunia, nayo ni ya Kiingereza. Hilo ni kweli, na hakuna anayedai Kiingereza kifukuzwe. Lakini historia ya hisabati yenyewe ni historia ya kuhama lugha. Neno aljebra limetokana na kitabu cha Kiarabu cha al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Gauss alikichapisha kitabu chake kikuu cha nadharia ya namba mwaka 1801 kwa Kilatini. Euler aliandika kwa Kilatini, Kifaransa na Kijerumani. Iwapo hisabati ingekuwa mali ya lugha moja, isingefika Ulaya, sembuse Rongo.

Itasemwa pia, na hoja hii ina uzito zaidi, kwamba Kiswahili si lugha ya nyumbani ya walio wengi katika kaunti hizi. Homa Bay ni nchi ya Dholuo, na visiwani Rusinga na Mfangano Kisuba nacho kimekuwa kikipambana kisimezwe. Kwa nini basi isiwe Dholuo? Jibu ni kwamba Dholuo nayo ina haki yake, na sera ya kufunza madarasa ya chini kwa lugha ya eneo, iliyopendekezwa na Tume ya Gachathi mwaka 1976, ingefaa kutekelezwa kwa dhati. Lugha hiyo ina hazina yake ya hesabu. Neno auchiel, yaani sita, limelibeba achiel, yaani moja. Neno abiriyo, yaani saba, limelibeba ariyo, yaani mbili. Anayehesabu hivyo anahesabu kwa tano na ziada, na mwalimu wa hisabati anayefunza vizio vya namba hahitaji mfano bora kuliko huo. Lakini darasa la Migori mjini lina Mjaluo, Mkuria, Mluhya, Mkisii na Msomali. Mwalimu anayetaka kuwaeleza wote kwa lugha isiyo ya mtihani tu hana daraja jingine ila Kiswahili. Na mwalimu huyo, bila kozi wala istilahi, hulazimika kubuni maelezo yake papo kwa papo, kila mmoja na yake, hata mwanafunzi anayehama shule hukuta lugha nyingine ya hesabu.

Upungufu upo, na haufai kufichwa. Msamiati uliopo umeshiba katika ngazi ya shule ya msingi na umekonda katika ngazi ya chuo. TUKI ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na juhudi hiyo ni ya kupigiwa mfano. Lakini istilahi za uchanganuzi na aljebra dhahania hazitaundwa na wanaisimu peke yao. Mwanaisimu anajua jinsi neno linavyozaliwa, ila hajui kwa yakini ni dhana gani inayohitaji kuzaliwa. Mwanahisabati anaijua dhana, ila hana mazoea ya kuipa jina. Mpaka watu hawa wawili wakae meza moja, upungufu utaendelea kutajwa kila mwaka kama kisingizio cha kutofanya lolote.

Ndiyo maana pendekezo linalofaa ni dogo na linatekelezeka. Miongoni mwa masharti ya shahada ya kwanza ya hisabati liongezwe moja: kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aandike ikisiri ya mradi wake kwa Kiswahili, na aeleze ithibati moja kwa lugha hiyo mbele ya wenzake, huku mhadhiri wa hisabati na mhadhiri wa Kiswahili wakimpima pamoja. Gharama yake ni alasiri chache. Faida yake ni kwamba kila mwaka istilahi zingejaribiwa na vinywa vya watu wanaozihitaji, zile nzito zikatupwa na zile nyepesi zikabaki. Vyuo vya Rongo na Tom Mboya, vikiwa bado vichanga na vikiwa karibu na mpaka wa Tanzania, vina nafasi ya kutangulia pale ambapo vikongwe vimesita.

Lakini wajibu hauwaangukii wanahisabati pekee. Katika vyama vya Kiswahili kuna mzaha uliozoeleka, kwamba fulani alichagua Kiswahili ili aikimbie hesabu. Mzaha huo huchekesha, na hudhuru. Mwanafunzi anayehakiki tarbia ya mizani 16 kwa mshororo huhesabu mizani 64 katika kila ubeti, na akikosa mmoja hulalamika kwamba shairi limeguria. Anayesoma isimu hukuta kwamba tisa ni neno la Kiarabu lililompokonya kenda kiti chake, na kwamba fungate ya maharusi ni siku saba zilizohifadhiwa ndani ya neno. Mtu wa namna hii hana sababu ya kuitoroka hisabati. Anayejivunia kutoijua ndiye anayemthibitishia msimamizi wa mitaala kuwa Kiswahili ni lugha ya mashairi na hotuba tu, kisha hulalamika kongamanoni kwamba Kiswahili kimenyimwa sayansi.

Idara za Kiswahili, basi, zifungue milango kwanza. Mwanafunzi wa tafsiri apewe kurasa za hisabati azifasiri badala ya hotuba za viongozi kila muhula. Tasnifu moja kati ya zile nyingi zinazoandikwa kuhusu wahusika wa riwaya ielekezwe kwenye istilahi zinazotumiwa na walimu wa hesabu wa Migori na Homa Bay. Kazi hiyo ikifanywa, idara ya hisabati haitaombwa hisani, italetewa chombo.

Mtoto wa Isebania na binamu yake wa Sirari wataendelea kukutana jioni na madaftari yao. Kinachosubiriwa ni mhitimu mmoja wa hisabati atakayeweza kuketi kati yao na kuwaeleza wote wawili, kwa pumzi moja, kwa nini namba tasa hazina mwisho. Chuo kisichoweza kumtoa mtu huyo kimetoa shahada, lakini daftari bado ni tupu.