Mbwa Afaaye Nyumba ya Mtumishi

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti la chama chetu niseme juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, nalo ni mbwa wa kufugwa nyumbani. Hapa Tunduma, mji wa mpakani ambamo malori hupita usiku na mchana kwenda na kutoka Zambia, kila mwenye mlango ataka mlinzi. Hilo si kosa. Lakini wenzetu wengi humchagua mbwa kwa ukubwa wa kichwa chake na sifa za jina lake, wala hawajiulizi kama nyumba, mshahara na kazi yao vyamfaa. Neno langu ni hili: mtumishi na achague mbwa ambaye, siku barua ya uhamisho itakapofika, ataweza kwenda naye au kumpatia mtu wa kumpokea.

Kwanza tutazame nyumba. Wengi wetu twakaa katika vyumba vya kupanga, ua ni mmoja na majirani ni wengi. Mbegu ya mbwa wa Kijerumani, iliyoanza kuandikwa mwaka 1899, ilikuzwa kwa kazi ya kuchunga kondoo kutwa nzima, na dume lake lina uzito wa kilo 30 hadi 40. Mnyama wa namna hiyo akifungwa mnyororo mlangoni toka alfajiri mpaka karani arudipo kazini, huingiwa na ukali, na atakayeumwa ni mtoto wa jirani. Tena huenda uani yumo jirani Mwislamu ambaye kwake mate ya mbwa ni najisi. Ni adabu kuzungumza naye kabla ya kumleta mnyama, si baada yake.

Pili ni hali ya nchi. Mkoa wetu wa Songwe, uliotengwa na Mbeya mwaka 2016, una nyanda za baridi huku Tunduma na Vwawa, ambako mbwa mwenye manyoya mengi aweza kustahimili. Lakini mtumishi aliye Tunduma leo aweza kupelekwa Kamsamba, bondeni kuelekea Ziwa Rukwa, penye joto kali. Mbwa yule yule atahema kutwa.

Tatu ni chakula. Mbwa mkubwa hashibi kwa makoko ya ugali. Ataka nyama, dagaa na dawa za kupe, na mwisho wa mwezi haja zake hushindana na karo za watoto.

Kwa sababu hizo namtetea mbwa wa kienyeji, ambaye tumezoea kumwita mbwa koko kwa dharau. Mwili wake si mkubwa, manyoya yake ni mafupi, na chakula chake si kingi. Watakaomdharau na wamkumbuke mbwa aitwaye Ridgeback, mwindaji wa simba, ambaye sifa za mbegu yake ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922. Ule mstari wa manyoya mgongoni mwake umetokana na mbwa wa Wakhoikhoi. Wazungu wenyewe walichanganya mbwa wao na mbwa wa Afrika.

Wengine watasema mwizi hamwogopi mbwa mdogo. Najibu kwamba mwizi huogopa kelele, kwa kuwa kelele huamsha watu. Kazi ya mbwa wa nyumbani ni kubweka, wala si kurarua.

Sasa nafika penye uzito wa maneno yangu. Mbwa aweza kuishi miaka 10 na zaidi, na katika muda huo mtumishi aweza kuhamishwa mara kadhaa. Vitanda na masanduku hupakiwa, na mbwa huachwa mlangoni. Baada ya siku chache huonekana sokoni na penye malori akitafuta makombo, wala hana wa kumpeleka kuchanjwa. Hapo ndipo kichaa cha mbwa hupata njia. Maradhi haya, dalili zake zikiisha kumtokea mtu, karibu kila mara humwua. Na watu waambukizwao na mbwa hufikia 99 katika kila 100. Kinga yake yajulikana: mbwa achanjwe afikapo miezi 3, na chanjo irudiwe kama bwana mifugo aelekezavyo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile.

Basi nawaomba wanachama wenzangu: kila afugaye mbwa aweke hati ya chanjo pamoja na karatasi zake za kazi, na siku ya uhamisho amhesabu mbwa katika watu wa nyumbani mwake. Asiyeweza kuahidi hayo, na anunue kufuli imara.

Wasalaam,
Mwanachama, Tunduma