Kutunisha misuli bila dawa nako kuna mipaka yake

Mama mmoja aliingia chumbani kwangu akiwa na kijana wake wa miaka 23. Hata kabla ya kukaa akasema: "Daktari, nipimie huyu virusi." Kijana alikuwa amepungua kilo 11 kwa wiki tisa. Mashavu yameingia ndani, amevaa sweta mchana wa jua la Bariadi, na nyumbani hali tena sahani moja na wenzake. Majirani walishaanza kunong'ona.

Kijana alikubali kupimwa. Hakuwa na virusi vya UKIMWI, hakuwa na kifua kikuu wala kisukari. Ila moyo wake ulikuwa unapiga mara 44 kwa dakika, na damu ilikuwa imepungua. Nilipomhoji akasema anajiandaa kwa shindano la kutunisha misuli, na akasisitiza kwamba hatumii dawa wala sindano yoyote. Mchana anapakia marobota ya pamba, jioni ananyanyua vyuma, na chakula chake ni mayai na mboga za majani. Ugali aliuacha siku nyingi.

Nikamwambia mama: "Mwanao haumwi ugonjwa unaouogopa. Mwanao ana njaa." Mama akanyamaza, kisha akauliza: "Njaa? Na mahindi yapo ndani?"

Kijana ameniruhusu nisimulie, nami nimebadilisha mambo machache asitambulike. Naandika kwa sababu swali la mama yule linawahusu wazazi wengi. Ukipita mitaani jioni, Bariadi mjini, Maswa hata Lamadi, utawaona vijana wakinyanyua vyuma, vingine vya kuchomelea, vingine makopo yaliyojazwa zege. Ni jambo jema. Mazoezi ya nguvu yanaimarisha mifupa, yanashusha sukari na yanamweka kijana mbali na vijiwe vya pombe. Lakini mazoezi ya afya ni kitu kimoja, na maandalizi ya kupanda jukwaani ni kitu kingine.

Hofu ya dawa ina msingi

Mwaka 2025 jarida la European Heart Journal lilichapisha utafiti uliofuatilia wanaume 20,286 waliowahi kushiriki mashindano makubwa ya kimataifa ya kutunisha misuli kati ya mwaka 2005 na 2020. Watafiti walithibitisha vifo 121, na wastani wa umri wa waliofariki ulikuwa miaka 45. Asilimia 38 ya vifo hivyo vilikuwa vya ghafla, chanzo kikiwa moyo. Waliokuwa wanashindana kama kazi walikuwa katika hatari kubwa zaidi kuliko wa ridhaa.

Utafiti huo haukupima nani ametumia dawa na nani hajatumia. Lakini tunajua kwamba homoni za kukuza misuli hunenepesha kuta za moyo, huvuruga mafuta ya damu, hupandisha presha na kuzima korodani zisitengeneze homoni wala mbegu. Kwa hiyo kijana anayesema "mimi sitaki dawa" apongezwe nyumbani kwao. Kosa ni kudhani kwamba ukishakwepa sindano, hatari zote umeziacha mlangoni.

Mwili unapobana matumizi

Maandalizi huwa na vipindi viwili. Kwanza mtu anakula vizuri na kuongeza misuli kwa miezi mingi. Kisha, miezi mitatu hadi sita kabla ya shindano, anapunguza chakula ili mafuta yaishe na misuli ionekane. Kipindi hiki cha pili ndicho kinacholeta wagonjwa kwangu.

Mwili haujui kuwa kuna shindano. Unachojua ni kwamba chakula kimepungua na kazi imeongezeka, kama mwaka wa ukame. Kwa hiyo unafanya kama mkulima mwenye akiba ndogo: unabana matumizi. Homoni za tezi ya shingo zinashuka, ndiyo maana kijana anasikia baridi. Moyo unapunguza mwendo. Homoni za uzazi zinashuka. Usingizi unakatika, na hamu ya kula inapanda usiku na mchana.

Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha habari za mshindani mmoja asiyetumia dawa, waliyempima kwa miezi 12. Kufikia shindano, mafuta mwilini yalikuwa yameshuka kutoka asilimia 14.8 hadi 4.5. Mapigo ya moyo akiwa amepumzika yalitoka 53 hadi 27 kwa dakika. Homoni yake ya kiume, testosteroni, ilibaki robo tu ya ile ya mwanzo. Alama za kuvurugika kwa hisia zilipanda kutoka 6 hadi 43. Baada ya miezi sita ya kula vizuri mengi yalirudi yalipokuwa, ingawa nguvu za misuli zilikuwa hazijarudi zote.

Habari hiyo ina mafunzo mawili. La kwanza, hata bila dawa mwili unaumia kweli. La pili, mwili unaweza kurudi, lakini kwa miezi, si kwa wiki moja ya pilau.

Wazazi wa mabinti nao wasikilize. Mwaka 2016 ilichapishwa habari ya mshindani wa kike ambaye hedhi yake ilikatika wakati wa maandalizi. Ilirudi wiki 71 baada ya shindano, yaani zaidi ya mwaka mmoja. Hedhi ikikatika kwa njaa, mifupa nayo inapoteza madini. Binti asiichukulie kuwa ni nafuu ya kutonunua pedi. Ni dalili ya kumwona daktari, baada ya kupima kwanza kama si ujauzito.

Akili nayo ina njaa

Mwaka 1944 na 1945, katika jimbo la Minnesota huko Marekani, wanaume 36 wenye afya walikubali kupunguziwa chakula kwa miezi sita ili wanasayansi waelewe njaa. Walianza kuwaza chakula muda wote, kukusanya maelekezo ya mapishi, kukasirika kwa mambo madogo, kujitenga na kupoteza hamu ya mapenzi. Hawakuwa na kasoro ya tabia. Walikuwa na njaa.

Mzazi, ukiona mwanao amekuwa mkali, hataki kukaa na watu, anapima chakula kwa kijiko na kujitazama kwenye kioo mara kwa mara, usianze na mganga wala na kufoka. Muulize taratibu: "Tangu lini hujashiba?" Na wewe kijana, ukiona maisha yako yote yamebaki kuwa mizani na kioo, ujue hilo si suala la nidhamu tena. Likiambatana na kukata tamaa au mawazo ya kujidhuru, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Maji usiyaguse

Hatari kubwa zaidi huja wiki ya mwisho. Wapo wanaofundishana kuacha maji na chumvi, au kumeza dawa za kukojoa zinazotumiwa na wagonjwa wa moyo, ili ngozi ionekane kavu. Mwaka 1992 mshindani maarufu, Mohammed Benaziza, alifariki saa chache baada ya mashindano nchini Uholanzi, na kifo chake kilihusishwa na kukauka maji mwilini na dawa za kukojoa. Maji yakipungua kupita kiasi, madini ya potasiamu yanavurugika na moyo unaweza kusimama.

Kwetu kuna sababu ya ziada. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliohusisha watoto wa mikoa ya kaskazini magharibi, Simiyu ikiwemo, ulionyesha kuwa mtoto mmoja hivi kati ya watano amebeba kinasaba cha selimundu. Aliyebeba kinasaba kimoja si mgonjwa na anaweza kufanya mazoezi kama wengine. Lakini mazoezi makali juani bila maji yanaweza kumwangusha ghafla, misuli ikavunjikavunjika na kuziba figo. Wengi hawajui kama wamebeba kinasaba hicho. Kipimo kipo, uliza katika hospitali iliyo karibu nawe.

Mkojo ukibadilika rangi na kuwa kama chai ya rangi baada ya mazoezi makali, usisubiri kesho. Mkojo wenye damu unaweza pia kuwa kichocho, ambacho huku kwetu si kigeni. Yote mawili yanahitaji kupimwa. Vilevile, usimalize kila uchovu kwa dawa ya malaria ya dukani. Pima kwanza, na ukiwa na homa weka vyuma chini.

Namna ya kubaki na uwiano

Kwa anayetaka kushindana, haya ndiyo ninayomshauri.

Kwanza, punguza uzito polepole. Kasi inayopendekezwa ni nusu hadi asilimia moja ya uzito kwa wiki. Mwenye kilo 80 apungue gramu 400 hadi 800, si zaidi. Kijana wangu alikuwa anapoteza zaidi ya kilo moja kila wiki, na sehemu ya kilichokuwa kinaondoka ni misuli ileile anayoitafuta.

Pili, usifukuze ugali. Wanga ndio unaokupa nguvu ya kunyanyua vyuma. Punguza tonge, usiondoe sahani. Viazi, michembe na mtama ni vyakula halali kabisa vya mwanamichezo.

Tatu, protini ipo sokoni. Gramu 1.6 hadi 2.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku zinatosha watu wengi wanaofanya mazoezi haya. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa gramu 8, kikombe cha choroko au dengu zilizopikwa gramu 14, na gramu 50 za dagaa wakavu zina karibu gramu 30. Poda ya kopo si lazima. Ukinunua, hakikisha ina alama ya ubora ya Shirika la Viwango, TBS, na usinunue kitu kisicho na maandishi. Na vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwa siri viache. Baadhi vina deksamethasoni, ambayo kwa matumizi ya muda mrefu hupandisha sukari na kula misuli.

Nne, kula mlo mmoja kwa siku na familia. Hili si la kitabuni, ni la kwangu. Anayekula na wenzake huonekana mapema akianza kuharibikiwa.

Tano, hesabu mapigo ya moyo asubuhi kabla ya kuinuka kitandani. Yakishuka chini ya 50 na yakaambatana na kizunguzungu, kuzimia au uchovu usioisha, simamisha maandalizi umwone daktari. Mwanamume asione aibu kusema kwamba nguvu za kiume zimepotea. Hiyo ni taarifa muhimu kama homa.

Sita, lala saa saba hadi tisa, na panga miezi ya kurudisha mwili baada ya jukwaa. Aliyebana miezi minne asitegemee kula kwa fujo siku mbili ndiko kupona.

Wapo wasiopaswa kuingia kabisa katika kupunguza chakula kwa ajili ya shindano: walio chini ya miaka 18, wajawazito na wanaonyonyesha, wagonjwa wa selimundu, wenye matatizo ya figo au moyo, na wanaotumia insulini. Hawa wafanye mazoezi ya afya kwa ushauri wa daktari, na washibe.

Kijana yule alirudi baada ya wiki sita. Sweta hakuvaa. Amekubali kusogeza shindano hadi mwakani, siku za kupakia pamba hanyanyui vyuma, na jioni anakula na wenzake, tonge zake akizihesabu. Mapigo yamefika 56. Mama yake hakuniuliza habari za majibu. Aliniambia tu kwamba wiki hiyo mwanawe aliomba kuongezewa mboga.