Kusema vizuri hakutoshi: wasimamizi wetu wajifunze kuandika, na kusoma

Ukimwambia mtu wa Goma ao Bukavu kwamba umesoma mawasiliano, mara moja anauliza unatangaza kwenye redio gani. Mimi nilisoma uandishi wa habari, na hata ndugu zangu wanaamini kwamba mawasiliano ni sauti nzuri na mikrofoni. Ndiyo maana wengi wanashangaa wakisikia kwamba shule kubwa za biashara zinaajiri maprofesa wa mawasiliano. Mfanyabiashara ana haja gani nao?

Jibu zuri naliona katika kazi ya JoAnne Yates, profesa Mmarekani. Alisoma fasihi ya Kiingereza hadi udaktari, kisha akafundisha mawasiliano ya wasimamizi kwa miaka mingi katika Sloan, shule ya biashara ya MIT. Hakuishia kwenye namna ya kuhutubia watu. Alichimba nyaraka za kampuni za zamani, akasoma barua, amri na ripoti zao, akitaka kujua karatasi hizo zilifanya kazi gani. Mwaka 1989 alitoa kitabu, Control through Communication. Humo anaonyesha kwamba kampuni kubwa za Marekani zilikua pamoja na maandishi yao ya ndani.

Reli ni mfano mmoja. Tarehe 5 Oktoba 1841, treni mbili za Western Railroad, katika jimbo la Massachusetts, ziligongana. Watu wawili walikufa, 17 wakajeruhiwa. Njia ya reli ilikuwa moja tu, na treni zilipaswa kupishana kwa saa na mahali palipopangwa. Kampuni haikutosheka na kutafuta mtu wa kulaumu. Ilipanga upya nani anamwamuru nani na nani anamwandikia nani ripoti. Tena iliweka sheria ambayo ningependa kuiona kwenye kila bandari yetu: ratiba haibadilishwi mpaka ofisi ijue kwa hakika kwamba wote wanaohusika wamepata amri mpya na wameielewa.

Tuangalie vizuri sheria hiyo. Haisemi tu kwamba mkubwa atume barua. Inadai kwamba jibu lirudi kwake mbele ya treni kuondoka.

Sasa turudi kwetu. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti MV Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma. Gavana wa Kivu ya Kusini alitangaza kwamba watu 278 walikuwa ndani na 78 wamekufa. Upande wa Kivu ya Kaskazini, viongozi walitaja hesabu ndogo zaidi. Sisemi kwamba karatasi peke yake inazuia boti kuzama. Lakini orodha ya wasafiri iliyohesabiwa kweli, ikasomwa na mtu mwenye uwezo wa kusema boti hii haiondoki, inaweza kuokoa maisha. Na ikishindwa kuokoa, angalau familia zinajua zinamtafuta nani.

Najua msomaji atanijibu: karatasi tunazo nyingi! Kila ofisi na muhuri wake, kila kizuizi na risiti yake. Ni kweli, na hapo ndipo penye shida. Kwetu karatasi inapanda pamoja na makuta, lakini haishuki na jibu. Mwenye boti, mchuuzi na mkulima wa kahawa wote wamejifunza kwamba karatasi ni kodi. Basi wanaandika kile ambacho ofisi inataka kuona, hata kama ukweli ni mwingine. Yates mwenyewe hakuficha jambo hilo: jina la kitabu chake linataja udhibiti, na maandishi yale yaliwasaidia wakubwa kuwashika wafanyakazi wao. Chombo kimoja kinaweza kulinda ao kukandamiza. Inategemea nani anasoma, na anafanya nini nyuma ya kusoma.

Kuna somo lingine dogo. Yates anaeleza namna barua za ndani ya kampuni zilivyoacha salamu ndefu, zikabaki na tarehe, mwandikaji, mwandikiwa na jambo lenyewe. Sisi bado tunajaza nusu ya ukurasa kwa heshima kwa mkubwa, na shida ya watu inafichwa kwenye mstari wa mwisho. Mkubwa mwenye haraka hafiki huko.

Kwa hiyo naomba walimu wa usimamizi wa Goma, Bukavu na Lubumbashi waongeze zoezi moja. Kila mwanafunzi apewe daftari moja la kweli: la koperative ya kahawa, la dawa kwenye kituo cha afya, ao orodha ya wasafiri wa boti. Afuatilie nani anaandika, nani anasoma, uamuzi gani ulitoka humo, na kama aliyeandika alipata jibu. Akikuta daftari ambalo hakuna anayelisoma, aeleze kwa nini, na apendekeze namna ya kulirekebisha.

Zoezi hilo halihitaji kompyuta wala msaada wa wafadhili. Linahitaji mwalimu anayekubali kumtoa mwanafunzi darasani na kumpeleka Kituku asubuhi, saa boti zinapopakia.