Kadari na Risiti

Aliyegongwa na gari anaporudi nyumbani, iwe Musoma, Bunda au Butiama, aghalabu jamaa husema ni kadari ya Allah, na karatasi za hospitali hutupwa. Kuamini kadari ni katika nguzo za imani. Hakumwondolei dereva mzembe dhamana. Mahakama, kama ilivyo fiqhi, humtwika mdai uthibitisho: kwamba dereva alizembea, kwamba uzembe huo, wala si maradhi ya zamani, ndio uliomlemaza, na kwamba hasara yake ni kiasi kadhaa. Bila PF3 ya polisi, maelezo ya daktari, risiti na mashahidi, atathibitisha kwa lipi? Sisi wa kamati nasi tumekosea: tumewachangia majeruhi msikitini pasipo kuwauliza risiti. Kuanzia Ijumaa hii tutauliza, kwani madai haya hukoma baada ya miaka 3.