Nyama ya pori: semina ya "msile" haitoshi

Tuseme ukweli kwanza, ndiyo tuongee vizuri. Hapa Mantapala nyama ya pori inaliwa. Tunaikula sisi tuliotoka Pweto, Moba na kwingine, na wanaikula wenyeji waliotupokea 2018. Nyasi zikishaanza kuchomwa, watoto wanachimba panya, vijana wanatoka na mbwa kutafuta simbiliki (wengine mnamwita ndezi), na jioni harufu ya manyoya yanayoungua inapita katikati ya nyumba. Kila mtu anaijua hiyo harufu. Lakini gari la shirika likifika, hakuna anayekula.

Tunaficha kwa sababu semina zote tulizokaa ziko na neno moja: msile. Picha ya popo, picha ya nyani, alama nyekundu juu yake, tunapewa soda, tunasaini karatasi, tunarudi nyumbani. Hatusemi hilo neno halina sababu. Mpox ilijulikana kwa binadamu mara ya kwanza kwetu Congo, 1970, na Oktoba 2024 Zambia nayo ikapata mgonjwa wake wa kwanza. Siku hizi inapita zaidi kati ya mtu na mtu, lakini inaweza pia kutoka kwa mnyama, na wataalamu wanawashuku panya na kindi wa porini kuliko hata nyani. Sawa. Ila mama ambaye pesa ya chakula imemwishia katikati ya mwezi, na ziwa Mweru limefungwa kuvua Desemba mpaka Februari, chisense ya sokoni haishikiki, huyo hawezi kupika alama nyekundu.

Kinachotokea ni hiki: mnyama anasafishwa usiku, haraka, nyuma ya choo, maji kidogo, na kisu ni kile kile cha kukatia nyanya. Maoni yetu ni kwamba semina ya "msile" peke yake imeongeza hatari iliyotaka kupunguza. Tufundishane kusafisha, mchana, watu wakiona.

Na ujuzi upo. Wazee wetu wanaujua, tatizo wengi wetu tulikimbia tukiwa watoto, hatukumaliza kujifunza. Chukua panya. Mtoto anamshika mkiani, anamweka mfukoni, anakuja naye mpaka ndani. Kumbe panya akifa na kuanza kupoa, viroboto wake wanamwacha wanatafuta mwili wenye joto, na mwili wa karibu ni wa huyo mtoto. Mwaka 2015 tauni ilipiga wilaya ya Nyimba, huko Mashariki mwa Zambia, na waliougua wengi walikuwa watoto. Kwa hiyo panya asiingie nyumbani akiwa na manyoya. Anapitishwa kwenye moto huko huko shambani, au anatumbukizwa kwenye maji yanayochemka akiwa ameshikwa kwa kijiti, ndiyo mkono umguse. Hilo tu, likifundishwa vizuri, tungelipokea kuliko soda kumi.

Simbiliki hachunwi. Ngozi yake ni nyepesi na imeshikana na mafuta, ukivuta inararuka. Anababuliwa kwa moto au anamwagiwa maji ya moto, halafu anakwanguliwa mpaka awe mweupe. Sungura ndiye wa kuchuna: unamning'iniza kwa miguu ya nyuma, unakata ngozi kuzunguka vifundo, unapasua ndani ya mapaja, kisha unavuta kwenda chini kama unamvua mtoto shati. Mkono ulioshika manyoya usiguse nyama. Wenye haraka wanaruka hapo, halafu wanasema nyama ya pori ina harufu.

Kazi yenyewe iko tumboni. Unabana ngozi ya tumbo kwa vidole, unaiinua mbali na utumbo, unatoboa kidogo, halafu unapasua kisu kikiangalia juu, siyo chini. Utumbo wa simbiliki ni mkubwa, umejaa majani. Ukitoboka, au kibofu kikipasuka, nyama imechafuka. Na usingoje. Kwenye joto la Oktoba, mnyama aliyeshinda kwenye gunia na utumbo wake anaanza kuharibika kabla hujafika nyumbani. Ukishatoa vya ndani, angalia ini. Liwe laini, rangi moja. Likiwa na madoa meupe au vipovu vya maji, azikwe mzima, hata kama watoto wanalia. Utumbo usimpe mbwa ukiwa mbichi. Uzike kwa kina, mbali na pompi. Mwenye kidonda mkononi asishike kisu, au avae mfuko wa plastiki na kuufunga. Sabuni baadaye, sabuni kwa kisu na ubao pia. Halafu upike mpaka nyama iachie mfupa. Moshi unakausha tu, haupiki.

Kuna mahali hata sisi tunasema hapana kabisa, na hapo tuko pamoja na mashirika. Mnyama uliyemkuta amekufa usimchune, usimguse. Zambia imeshalia kwa hilo: Chama 2011 watu walikula viboko waliokufa kwa kimeta, na 2023 huko Sinazongwe ikawa nyati. Panya wa shamba lililotiwa sumu, vile vile. Nyani na popo, waacheni. Na kwa wanyama wanaotakiwa kibali cha kuwinda, sheria ni sheria, kitambulisho cha ukimbizi hakikutoi kwa askari wa wanyamapori.

Tunajua jibu la watu wa mashirika: mkifundisha kusafisha, mnahimiza watu wawinde. Hatukubali. Kipindupindu kikija, hakuna anayetuambia tusinywe maji. Tunaletewa klorini na tunaonyeshwa kipimo. Kwa nini kwenye nyama tuonyeshwe picha tu? Waliotaka kuwinda wanawinda tayari. Anayekosa mafunzo siyo hata mwindaji. Kijana anatupa mnyama mlangoni na kwenda kukaa kwenye kiti. Anayebabua, anayepasua, anayeosha ni mama au dada yake, mara nyingi na mtoto mgongoni. Semina walioitwa ni wanaume na viongozi wa bloku.

Tunachoomba hakihitaji bajeti kubwa: karai mbili, sabuni, ubao, kisu kimoja kikali, mzee mmoja anayejua, na mhudumu wa afya wa hapa hapa kambini akae pembeni arekebishe pale mzee anapokosea, maana wazee nao wana mambo yao, wengine wanafuta kisu kwenye suruali. Tuanze msimu wa nyasi kuchomwa haujafika. Waitwe kina mama, na waitwe hao watoto wa panya, ambao hakuna semina iliyowahi kuwaita.