Je, Kuchora ni Upuuzi?

Wako wazazi wasemao kwamba somo la kuchora ni upuuzi, kwa kuwa picha haimlishi mtu. Wanakosea. Seremala, mshonaji na mwashi hula kwa jicho lipimalo na mkono uliotulia, na hayo ndiyo yafundishwayo na kuchora. Katika shule ya misheni ya Cyrene, karibu na Bulawayo, Zimbabwe, iliyofunguliwa na Padre Edward Paterson mwaka 1940, hakuna mwanafunzi aliyesamehewa somo hilo. Vijana wake walizipamba kuta za kanisa kwa picha za watu wa Biblia wenye nyuso za Kiafrika. Imani iliyoletwa na wageni ikapata sura yao wenyewe. Samaki mkunje angali mbichi. Ewe mzazi umpokonyaye mwanao rangi leo, usimlaumu kesho akiwa hana lake ila la kuiga.